Kiwiko cha Kombeo

"Niambie ukweli. Kinauma wapi?"

"Hapa, Mama. Upande wa ndani. Lakini kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua. Hata ulipong'oka jino ulisema kidogo."

Mvulana akacheka, akaulaza mkono wa kulia juu ya mapaja ya mama yake. Jina lake la kuandikishwa lilikuwa linakaa shuleni. Mtaani kote aliitwa Kombeo, kwa sababu tangu anaota meno ya pili, kopo lililowekwa juu ya ukuta halikuwa na maisha marefu mbele yake. Mama alichovya vidole kwenye bakuli la mafuta, akaanza kutafuta. Hakuwa na papara. Mkandaji mzuri hayafukuzi maumivu, huyavizia. Alipanda kutoka kwenye kifundo cha mkono, akapita nyama ya kigasha, akafika kwenye mfupa ule mdogo wa pembeni ya kiwiko. Mvulana akavuta pumzi kwa meno.

"Nimemkamata," mama akasema.

Nje ya pazia wachukuzi wa sokoni walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu zao. Mmoja akapaza sauti: "Mama Kombeo, sisi wenye migongo tunaoza huku."

"Ozeni kimya kimya. Mwanangu ana kazi Jumamosi."

"Na sisi kazi yetu ni ya kuazima?"

Alibonyeza, akazungusha, akavuta, akarudi. Joto la mafuta likazama. Baadaye kidogo mvulana akakunja mkono, akaunyoosha, akaukunja tena kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango mpya. "Mama, yameondoka."

"Hakuna aliyewahi kuondoka kitandani kwangu nayo," akajibu, akijifuta mikono, na usoni alikuwa na furaha ya fundi aliyemaliza kazi yake bila doa.

Ufundi huo aliurithi kwa mama yake, mwanamke aliyekuwa na sheria moja tu: kabla hujamgusa mtu, muulize kesho anafanya nini. Anayekwenda kupumzika, mkande mpaka ndani. Anayerudi kwenye mzigo, mwachie maumivu kidogo yamlinde, maana maumivu ni mlinzi, na mlinzi ukimlaza wewe mwenyewe, usimlaumu mwizi. Lakini bibi huyo alishatangulia mbele ya haki, na wateja wa chumba kile wote walikuwa watu wa magunia. Kuwauliza kesho wanafanya nini ilikuwa kama kumuuliza punda. Swali likafa polepole, bila mazishi. Watu walipenda kuondoka wakiwa wepesi, naye alipenda kuwaona wanaondoka hivyo.

Basi na mwanawe hakumuuliza.

*

Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli. Mtaani wengi walikuwa bado wanauita "ule wa rungu", lakini kiwanja nyuma ya shule kilikuwa kimeshachorwa mistari, na pale katikati palikuwa na kilima kidogo cha udongo ambapo mrushaji husimama peke yake, watu wote wakimtazama. Hapo ndipo aliposimama Kombeo.

Kocha alianza vizuri, na hilo lazima lisemwe. Siku zile za mwanzo alikuwa akiwaambia watoto, "Mkono ni mjumbe tu. Ujumbe unatoka mguuni." Aliwafundisha kuinua goti na kutulia, kupiga hatua ndefu mbele, kugeuza nyonga kabla ya kifua, kifua kabla ya bega, na mkono uje mwisho kabisa, kama ncha ya mjeledi. Mipira aliificha. Aliwapa mataulo, kila mmoja arushe taulo lake mpaka ncha igonge kiti kilichowekwa mbele. Aliwachuchumaza, akawapandisha ngazi za jukwaa kwa mguu mmoja, akawalaza chini wajishikilie kwa viwiko na vidole vya miguu mpaka matumbo yatetemeke.

"Kocha," Kombeo aliwahi kumuuliza, "tumekuja kurusha au kuanika nguo?"

"Anika kwanza. Na kesho usirushe chochote. Mkono nao ni binadamu."

Mama alikuwa akiwatazama akipita na ndoo, na moyo wake ulikuwa umetulia.

Kisha ikaja habari ya shule ya bweni. Ilikuwa shule kubwa, yenye viwanja vyenye nyasi halisi, na ilikuwa inatafuta warushaji. Atakayechaguliwa angesoma mpaka mwisho bila mzazi kutoa kitu. Wachaguzi wangekuja na chombo kama bunduki, kinachoelekezwa kwenye mpira na kusema umekwenda mbio kiasi gani. Ilisemekana pia kwamba Kocha angepata kazi hukohuko akitoa hata mtoto mmoja. Tangu siku hiyo mataulo yakawa ya kufutia jasho. Kocha aliazima bunduki kama ile, na kila alasiri sauti yake ilisikika mpaka barabarani: "Ongeza. Ongeza. Hiyo ni ya bibi yako. Ongeza."

Mama alikwenda kumwona. Alichagua siku ambayo wazazi wengine walikuwepo, akidhani mbele za watu atasikilizwa.

"Kocha, samahani. Mtoto kiwiko kinamsumbua. Na kidole chake cha mwisho kinaingia ganzi."

"Kabla hujamkanda, au baada?"

"Kabla."

"Na baada?"

"Baada anasema hakuna kitu."

"Sasa mama yangu, si umeshajijibu?" Kocha akawageukia wazazi. "Jamani, mwenzenu huyu timu kubwa zingemgombania. Wenzetu wanamlipa mkandaji. Kombeo anaye nyumbani, tena anampikia."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, maana ilikuwa sifa, na sifa hazikuwa zinapita mlangoni kwake kila siku. Lakini hakuondoka.

"Ulikuwa unasema wapumzike. Na ule mguu, Kocha. Zamani alikuwa anauinua juu, anatulia. Siku hizi anauburuta tu. Bega linawahi kufunguka, kazi yote inamwangukia mkono."

Kocha akamtazama kama mtu aliyesikia kuku akisoma gazeti. "Mama, uliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi tugawane kazi. Wewe kanda, mimi nifundishe." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Mmoja wa wazazi alikohoa, mwingine akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama aliokota ndoo yake. Njia nzima alihisi mafuta mikononi mwake yananuka kuliko kawaida.

*

Nyumbani alimkuta mume wake uani, ameketi juu ya kopo lililogeuzwa. Sokoni wachukuzi wote waliitwa kwa majina ya utani, na yeye, mchukuzi mwenzao, walimwita Kreni. Kwa Kombeo alikuwa ametengeneza chuma cha mazoezi: bomba la maji, kila upande kopo la rangi lililojazwa zege. Mvulana alikuwa akilivuta bomba mpaka kifuani na kulishusha, mishipa ya shingo imesimama.

"Baba Kombeo, mtoto katoka kurusha sasa hivi. Huo mzigo wa nini?"

"Nguvu."

"Kocha mwenyewe zamani alisema nguvu ni miguu na kiuno."

Kreni akacheka mpaka akashika mgongo. "Wewe ulishaona mtu anarusha mpira kwa kiuno? Kombeo, hebu mrushie mama yako mpira kwa kiuno tuone."

Mvulana akatikisa kiuno, mpira ukaanguka miguuni, baba na mtoto wakaangua kicheko. Mama alitabasamu nusu. Nusu nyingine ilikuwa inaangalia jinsi mtoto alivyouokota mpira ule: kwa mkono wa kushoto.

"Umeuona mkono wake, baba yake? Haunyooki wote."

"Na wangu je?" Kreni akanyoosha mikono yake miwili, viwiko vikabaki vimepinda kama ndoano. "Mimi nimeubeba mji huu mgongoni. Nimepinda, nimekufa? Mwache mtoto apinde kidogo sasa asije akapinda kama mimi. Shule ile ikimchukua, yeye atakuwa mtu wa kubebewa."

 Mama alijua kwamba masomo ya mwanawe yalikuwa yanafika ukingoni. Darasa lililofuata lilikuwa la kulipia, na wao wenye nyumba hiyo walilijua lango la shule za kulipia kutoka nje tu. Kila kitu kilikuwa kinaning'inia kwenye kiwiko kile.

Aliamua kufanya kitu kimoja alichokuwa na uwezo nacho. Alilifunika bakuli la mafuta. Kombeo alipokuja jioni na kuulaza mkono mapajani mwake kama kawaida, akaurudisha taratibu.

"Sikukandi."

"Kwa nini?"

"Nataka uumwe. Ukiumwa hutarusha."

Mvulana alimtazama akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akasimama. "Nikisema naumwa anampanga mwingine. Yule mwenye meno yaliyochomoza mbele anangoja tu."

"Ampange."

"Mama, usiseme hivyo. Tafadhali."

Wiki ile nyumba ilikuwa na ukimya wa watu waliogombana bila kelele. Kombeo alikunywa chai kwa mkono wa kushoto. Aliandika kwa kulazimisha, kalamu ikimponyoka. Kreni hakumsemesha mke wake ila kwa kupitia watu wengine: "Mwambieni mama yenu sabuni imekwisha." Na kwenye benchi nje, wachukuzi walikuja, wakakandwa, wakaondoka wepesi, kila mmoja akisema asante.

Asubuhi ya mchujo wa shule ya bweni Kombeo aliingia chumba cha mama yake amevaa jezi aliyoipiga pasi mwenyewe. Kola ilikuwa imekunjamana upande mmoja, kwa sababu pasi aliishika kwa mkono usio wake. Hakuongea kwa hasira. Laiti angeongea kwa hasira, ingekuwa rahisi.

"Mama, mtaa mzima unaukanda. Hata yule mlevi aliyeanguka mtaroni ulimkanda. Mimi ndiye unayeninyima?"

Mama akasema, "Mwanangu, hicho kiwiko kinakuambia kitu."

"Kiambie kininong'oneze Jumapili. Leo tu. Baada ya leo napumzika mpaka unichoke."

Mlangoni Kreni alikuwa amesimama na viatu vyake mkononi.  Alimtazama mke wake tu, mtu mzima yule mwenye viwiko vya ndoano, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Wenye watoto mnajua. Ukuta hujengwa kwa wiki na kubomoka kwa neno moja. Mama alilifunua bakuli, akayapasha mafuta, akaketi. Alikanda siku hiyo kama ambavyo hakuwahi kukanda tangu azaliwe. Alikuta kamba ya ndani imevimba, ina joto, imekaza kama waya wa kuanikia nguo uliobeba blanketi mbichi. Akailainisha. Akaibembeleza. Kila alipoyakuta maumivu aliyafuata mpaka mwisho wa njia yake, hata kidole kile cha ganzi kikarudi kuwa cha moto.

Kombeo akaunyoosha mkono. "Mama," akasema, "kama wa mtoto mchanga."

*

Uwanja ulikuwa umejaa. Wachaguzi walikuwa wamekaa chini ya mwavuli mkubwa, kofia zimefanana. Mmoja wao alikuwa ameishika bunduki ya kupimia mwendo kama mtu anayengoja ndege atue. Kocha alikuwa anatembea huku na huko, akijipangusa, akiwaita wazazi "familia yangu".

Kombeo alipanda kilimani. Mpira wake wa kwanza ulipiga glovu ya mpokeaji kwa mlio uliowafanya watu wageuke. Wa pili ukawafanya wanyamaze. Mchaguzi mwenye bunduki alimwinamia mwenzake, na mwenzake akainua nyusi. Kreni aliushika mkono wa mke wake mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wao.

"Umeona? Umeona mikono yako?"

Naye kwa kitambo kile kifupi aliona fahari. Hatuwezi kusema hakuona.

"Ongeza," Kocha akaita. "Mmoja wa mwisho. Toa chote ulichonacho."

Mvulana akaanza. Goti halikupanda. Mama aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Mguu ulitua mfupi, bega likafunguka mapema, kiuno kikabaki nyuma kama mtu aliyekosa gari, na mkono ukaachwa peke yake kufanya kazi ya mwili mzima. Zamani, katikati ya tendo hilo, maumivu yangemshika na kumwambia: punguza. Siku hiyo hapakuwa na wa kumwambia. Mlinzi alikuwa amelazwa, tena kwa mafuta ya moto.

Ulisikika mlio mdogo, kama kijiti kibichi kinavyokatika ndani ya nguo.

Kombeo hakupiga kelele. Alisimama akiuangalia mkono wake unaning'inia, kwa mshangao, kama vile mtu amempa aushike na kuondoka. Mpira ulikuwa umekwenda kupiga wavu wa mbali. Kocha alikimbia, na kila mtu alidhani anakimbilia kilimani. Alikimbilia mwavulini.

"Hiyo ya mwisho," akauliza akihema, "imesoma ngapi?"

*

Hospitalini walikaa kwenye korido mpaka jua likahama dirisha. Mtaalamu wa mifupa na viungo alikuwa mwanamke mwenye sauti ya uchovu, si mkali. Aliugusa mkono hapa na pale, akaitazama picha kwenye taa.

"Kano ya ndani ya kiwiko imekatika. Na haikukatika leo tu. Ilikuwa inachanika kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ulikuwa husikii maumivu?"

"Nilikuwa nasikia," Kombeo akasema. "Yakawa yanaondoka."

"Yanaondokaje?"

 Baba akaangalia sakafu. Yule mtaalamu alivuta hewa, na harufu ya mafuta ya kukandia ilikuwa imejaa chumba kile kidogo kama mgeni wa nne. Mama aliiingiza mikono yake chini ya mkoba.

"Nani alikuwa anamkanda?"

"Mimi, daktari."

"Unaijua kazi yako," mtaalamu akasema, akiugeuza mkono wa mvulana kwenye mwanga. "Nyama zote za juu ni laini kabisa. Mtu wa kawaida angemwacha na maumivu, naye angeacha kurusha mwenyewe mapema. Kano ingepumzika, wangemrekebisha anavyorusha, wangemjenga miguu na mgongo, angerudi." Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anavyomweleza mgeni njia ambayo ameshaipita.

Kreni akauliza, "Hakuna kushona?"

"Kupo. Hapa hatufanyi." Akataja mahali wanapofanya, na kiasi. Kreni aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ya tajiri na kuambiwa, karibu siku yoyote.

Walirudi mpaka wakakaribia mlangoni. Hapo Kombeo akasema, "Mama, usilie. Si nilikuomba mimi?"

Ingekuwa heri angemtukana.

*

Shule ile ya bweni ilimchukua yule mwenye meno ya mbele. Kocha alipata kazi, si kubwa kama alivyoahidiwa, akahama na mataulo yake. Alikuja kuaga siku moja, akasimama nje ya pazia bila kuketi. "Michezo ndivyo ilivyo, mama yangu," akasema. Mama akamjibu, "Ndivyo." Mwingine akashika nafasi yake kiwanjani, na kelele za "Ongeza" zikaendelea kusikika mpaka barabarani.

Shule ilipofungua darasa la kulipia, Kombeo hakwenda. Alikaa nyumbani kwa muda, mkono umepinda, akiwatazama wenzake wakipita na sare. Kisha alfajiri moja Kreni alimwamsha, akampa kipande cha gunia cha kuweka begani. Sokoni walimpokea kwa mizaha, wakataka kumpa jina jipya, hakutaka jina. Alibeba kwa bega la kushoto.

Alasiri moja mwanamke mgeni alipita benchi la wachukuzi moja kwa moja, akaingia na msichana mwembamba aliyekuwa anakishika kiwiko chake.

"Wewe ndiye Mama Kombeo? Kocha mpya ametuelekeza. Amesema hapa kuna mikono inayoyaondoa kabisa."

Mama alimkalisha mtoto. Hakuchovya vidole. Alimtazama machoni, akamuuliza swali ambalo halikuwa limesikika chumbani mle kwa miaka. "Kesho unafanya nini, binti yangu?"

"Kurusha."

"Basi sikukandi. Mama yake, mrudishe nyumbani. Apumzike mwezi, au zaidi. Asishike mpira. Kisha aanze na mguu, mkono uwe mwisho. Mtu akikuambia aongeze, mwondoe uwanjani. Hayo maumivu ni ndugu yake, usinilipe nimfukuze."

Mwanamke akamtazama juu mpaka chini. "Nimekuja kukandiwa mtoto, sikuja kuhubiriwa. Kama ya kwako yalikushinda, usitufungie na sisi njia."

Akamshika mtoto mkono, mkono uleule, akamvuta nje. Mama alisimama mlangoni akawaona wanavuka barabara, wanaingia kwa mkandaji wa upande wa pili, yule mwanamke kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Pazia likashushwa. Halikukawia kufunguliwa. Msichana alitoka akikunja mkono, akiunyoosha, akicheka.

Wachukuzi walikuwa wameyaona yote. Hakuna aliyetania.

Jua lilipopoa, Kombeo aliingia na vumbi la magunia kichwani. Alivua shati kwa mkono mmoja, akajilaza kifudifudi pale walipolala wenzake, juu ya shuka lililolowa mafuta ya migongo yao. "Leo ni mgongo, Mama," akasema. "Huku chini, kushoto."

Mikono ya mama ilikuwa juu ya ngozi ya mwanawe, bado haijabonyeza. Aliyaona maumivu yalipo bila hata kuyatafuta, upande mmoja, marefu, ya mtoto anayebeba mzigo wa kiume kwa bega moja.

"Kesho unafanya nini?" akamuuliza.

Kombeo aligeuza shavu kwenye shuka ili amwone vizuri. Hakuelewa kwa nini ameulizwa swali kama hilo.

"Kubeba, Mama. Nini kingine?"

Mama akachovya vidole kwenye bakuli, akaanza kukanda.